Sola ya Bure Ina Mwenyewe

Nina neno juu ya jambo linaloendelea hapa kwetu Cheptais. Siku hizi maajenti wa sola wanapita nyumba hadi nyumba, hasa sisi ambao nyaya za stima hupita juu ya vichwa vyetu bila kuingia nyumbani. Wanasema ati sola ni ya bure. Maoni yangu ni kwamba mkulima asiikubali kwa masharti wanayokuja nayo, hata kama watoto wake wanasomea koroboi. Mimi ni mmoja wa hao wa koroboi. Asubuhi nikipenga kamasi natoa masizi, na mwaka ujao nafanya KCSE. Kwa hivyo msidhani nazungumza kama mtu aliyeshiba.

Hebu tuangalie hiyo bure ni ya namna gani. Kampuni iliyokuja kwetu (sitaitaja, sina haja ya ugomvi) inakuwekea paneli juu ya mabati, betri, balbu tatu na redio, bila malipo ya kwanza. Kisha unalipa shilingi 40 kila siku kwa M-Pesa. Ndani ya kasha la betri mna laini ya simu inayopokea amri kutoka ofisini: usipolipa, taa inazima yenyewe. Na vyombo vyote hubaki mali ya kampuni siku zote. Wewe umekodi tu.

Kulipa mdogo mdogo si jambo geni. M-KOPA ilianza hapa Kenya mwaka 2012 kwa mtindo huo huo wa M-Pesa na laini ya simu, lakini mteja alipomaliza malipo yake, sola ilikuwa yake. Kule Arusha, Off Grid Electric nayo ilianza kwa kukodisha. Tofauti ni kama ya ng'ombe wa kununua polepole na ng'ombe wa kukodi. Wa kukodi unamlisha, unamkama, lakini ndama si wako.

Tulipiga hesabu na mama. Mafuta taa ya shilingi 30 hutumika siku mbili, yaani shilingi 105 kwa wiki. Kuchaji simu mbili sokoni, mara mbili kwa wiki, ni shilingi 80. Jumla 185. Sola ni 280. Hiyo tofauti ya shilingi 95 mimi mwenyewe ningeitetea, maana taa ya sola haikohozi mtoto. Lakini mwaka mmoja ni shilingi 14,600, miaka miwili ni 29,200, na mwaka wa tatu bado huna hata msumari wa kuuita wako.

Ila si hesabu hiyo inayonikera zaidi. Kinachonikera ni mvua. Sisi tunakaa mlimani. Kuanzia Aprili hadi Agosti ukungu wa Elgon unashuka mpaka mlangoni, na kuna siku jua hulioni kabisa. Paneli isipopata jua betri haijai, na taa itazima saa tatu usiku. Sasa angalia mfuko wa mkulima katika miezi hiyo hiyo. Mahindi bado yako shambani, ya mwaka jana yaliuzwa kwa karo, pesa za mbolea zimeshaingia udongoni. Miezi isiyo na jua ndiyo miezi isiyo na pesa! Nayo ile shilingi 40 haijui ukungu. Itadaiwa Juni kama inavyodaiwa Januari.

Sisemi kila mtu akatae. Jirani yetu ni mtu wa bodaboda, jioni haingii nyumbani mkono mtupu. Yeye alichukua ile ya kununua mdogo mdogo, akamaliza, leo watoto wake wanasoma kwa raha. Hata mama wa mandazi pale stendi anaweza, kwa sababu pesa yake huja kila siku. Pesa ya mkulima huja na gunia. Kampuni ikisema, "Mlipe mwezi wa Novemba mkivuna," mimi nitakuwa wa kwanza kupanda juu ya nyumba kushika ngazi.

Jambo jingine ni mkataba. Ulikuwa kurasa nne za Kiingereza kitupu. (Chama cha Kiswahili, mko wapi?) Nilimsomea mama. Kulikuwa na mahali palipoandikwa kwamba paneli ikiibwa au ikang'olewa na upepo, mteja ndiye atalipa. Mama akauliza. Ajenti akacheka, "Hayo ni maandishi tu, mama." Kama ni maandishi tu, mbona sahihi inatakiwa?

Na kampuni yenyewe ikifa? Mobisol ya Ujerumani, iliyouza sola Tanzania, Rwanda na hapa Kenya, ilifilisika mwaka 2019. Bahati nzuri ENGIE ya Ufaransa iliinunua mwaka huo huo. Asingepatikana mnunuzi, nani angetuma ile amri ya kuwasha?

Wengine wanasema tungoje stima ya serikali. Ni kweli kwamba mwaka 2015 mradi wa Last Mile ulishusha ada ya kuunganishiwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, lakini ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Yetu iko mbali zaidi. Kungoja huko nako kuna masizi yake.

Mimi nashauri akina mama wa chama cha kuzungushiana pesa wanunue taa ndogo za sola, kila anayefikiwa na zamu apate yake. Taa moja haitaendesha redio, lakini itaangaza daftari, na hakuna mtu ofisini atakayeizima. Zamu ya mama ni Novemba. Najua maana yake: muhula mzima mwingine wa koroboi, na mimi ndiye nitakayeuvuta huo moshi.

Ajenti amesema atarudi Jumamosi. Baba yuko upande wa sola, mama hajaamua, na nyanya anauliza kama wakizima taa na redio nayo itanyamaza.