SHAURI KWA WENYE MOTOKAA: Mipira Mitatu ya Injini

Barabara itokayo Embu kwenda Meru hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, ikishuka na kupanda kila ikutanapo na mto utokao Mlima Kenya. Katika njia ya namna hii, mwenye pikapu ya zamani yenye kabureta yampasa kuijua mipira mitatu iliyo chini ya boneti. Ufa mdogo katika mmojawapo waweza kumpotezea petroli, oili, au hata maisha yake.

Wa kwanza ni mpira wa kupumulia. Injini ifanyapo kazi, moshi kidogo hupenya kando ya pistoni na kushuka penye oili, nao lazima upate pa kutokea. Kwa hiyo mpira mnene hutoka kwenye kifuniko cha valvu hadi kichujio cha hewa. Na katika injini nyingi mpira mwembamba huuvuta moshi huo chini ya kabureta ili uunguzwe. Njia hii ikiziba, moshi hushindiliana ndani na oili huvuja penye sili. Wengi hubadilisha sili mara mbili au tatu, na ugonjwa ungali palepale. Wengine huukata mpira na kuuacha ukining'inia. Hapo vumbi jekundu la mashambani huingia bila kuchujwa na kuzila silinda.

Wa pili ni mpira mwembamba utokao kabureta kwenda distribyuta. Kazi yake ni kuwahisha cheche gari liendapo bila kuelemewa. Ukipasuka, petroli huliwa zaidi, na kabureta isiyo na kosa hulaumiwa.

Wa tatu ndio wenye hatari kubwa, yaani mpira mnene uendao kwenye busta ya breki. Mvuto wa injini ndio usaidiao mguu wa dereva. Mpira ukichomoka, breki hazifi kabisa, lakini pedali huwa ngumu kama jiwe. Naye aliyezoea kukanyaga kwa wepesi, akiwa mteremkoni na mzigo wa kahawa, atashindwa kusimama kwa wakati. Valvu yake ya njia moja ni lazima iruhusu hewa kwenda upande wa injini tu. Wala usitie mpira laini wa maji, kwa maana hunyonywa ukabanana.

Kuipima busta ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano hata pedali iwe ngumu. Ishikilie kwa mguu, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo, busta inapata mvuto wake. Isiposhuka, usisafiri, mwite fundi.

Tena, injini ikinguruma polepole, sikiliza kama pana mluzi wa hewa. Na kabla fundi hajachomoa kitu, mtake atie alama kila mpira na tundu lake, ili kila mmoja urudi mahali pake. Bei ya mpira ni ndogo sana kuliko ya kabureta, na usipoziba ufa utajenga ukuta.