Mzazi, ongea na mwanao lugha unayoimudu

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya watoto, Dar es Salaam. Pembeni yangu alikaa mama na binti yake wa miaka kama minne. Kila alichomwambia kilikuwa kwa Kiingereza: njoo, kaa, usiguse, nyamaza. Binti akamwona kichanga anatoka kuchanjwa huku analia. Akauliza kwa Kiswahili, “Mama, kwa nini wamemchoma na hajakosea?”

Mama akamtaka aulize kwa Kiingereza. Mtoto akafungua mdomo, akaufunga. Swali likaishia hapo.

“Shuleni wamesema nyumbani tusiongee Kiswahili,” mama aliniambia. “Na mimi Kiingereza changu, dada, ndiyo hicho ulichosikia.”

Namwelewa. Shule nyingi za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili, lakini mtoto akifika sekondari karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mzazi anayejinyima alipe ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza anataka mwanawe asije kukwama huko mbele.

Tatizo ni kwamba mtoto hujifunza lugha kwa mazungumzo: anauliza, anajibiwa, anauliza tena. Ukiwa na Kiingereza cha kuamrisha tu, mtoto atapata amri. Atakosa hadithi, vitendawili, utani na sababu za mambo. Aliyezoea kujieleza kwa Kiswahili au Kisukuma, akikutana na Kiingereza anaongeza maneno mapya. Mawazo tayari anayo.

Kuna jambo zito zaidi. Mtoto anayesikia maumivu akikojoa, au aliyeshikwa vibaya na mtu mzima, anahitaji maneno ya kukueleza. Ukimzoesha kunyamaza hadi apate Kiingereza chake, siku hiyo pia anaweza kunyamaza.

Wengine wanaogopa kwamba lugha mbili zitamchelewesha mtoto kuongea. Hazimcheleweshi, na kuchanganya maneno ni kawaida katika umri huo. Hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja. Akifika miaka miwili hajaunganisha maneno mawili kwa lugha yoyote, kama “maji baba”, au hageuki akiitwa, mpeleke kituo cha afya na uombe apimwe usikivu. Usisubiri kwa kuambiwa kwamba hata baba yake alichelewa.

Kiingereza nacho kipe nafasi yake. Someni pamoja kitabu cha picha, imbeni nyimbo za shuleni, na mwenye kukimudu nyumbani aongee naye. Bibi aendelee na Kihaya chake. Mtoto akikuuliza kwa Kiswahili, mjibu kwanza, kisha mfundishe neno la Kiingereza kama unalijua.

Yule binti aliitwa ndani bila kujibiwa. Jibu lilikuwa fupi tu: hajakosea, mwanangu, amechanjwa asije akaugua.