TAHARIRI: TAJIRI ASIHESABU KUKU WETU



Mwezi huu hatuandiki juu ya saa za kazi wala juu ya nyumba. Twaandika juu ya kuku, mbuzi na mboga. Wengine watacheka na kusema kwamba Chama kimegeuka kuwa bwana shamba. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, maana jambo hili lagusa mishahara yenu kuliko mnavyodhani.

Kila mmoja wetu ajua mambo yalivyo ikifika tarehe 20 ya mwezi. Mfuko umekauka, na mwenye duka amefungua kitabu cha deni. Nyumbani nako mama watoto aomba pesa za mboga. Mboga! Mtu ana ekari moja ya udongo mzuri, lakini jamaa yake hununua sukuma wiki sokoni kwa pesa alizozipata akiinua mataruma ya reli juani. Hii ni aibu yetu sisi waume, wala si ya wake zetu, maana wao wana mikono tayari, nasi ndio tunaokataa kutuma pesa kidogo za mbegu na za ua.

Mwandishi wa maneno haya hajitoi. Mwaka jana mke wangu alikuwa na kuku 23 nyumbani kwetu upande wa Butere. Alinipigia simu kwamba majirani wanachanga pesa za chanjo ya kideri. Nikamjibu, “Ngoja mwisho wa mwezi.” Kideri hakikungoja. Kuku walizubaa, wakahara kijani, wakapinda shingo, na mwisho wa mwezi ulipofika walibaki 4. Karo ya mtoto tuliyotumaini kuipata kwa kuku wale nilikwenda kuikopa, na riba ya mkopo ule ilipita bei ya chanjo mara nyingi. Sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Basi, tufanye nini? Kwanza, kuku wachanjwe kabla ya ugonjwa kuja, kwa sababu chanjo haiponyi kuku aliyekwisha kuugua. Ile ya matone ni tone moja tu katika jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja yatosha kuku wengi, na ikisha kuchanganywa haiwekwi mpaka kesho. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye kuku kumi atapata hasara, lakini nyumba kumi zikichanga pamoja, kila nyumba italipa kidogo sana. Sisi watu wa Chama hatuhitaji kufundishwa maana yake.

Pili, mbuzi wajengewe banda lililoinuka kutoka ardhini, na mbao za sakafu ziachane kidogo ili samadi ianguke chini. Mbuzi watakaa pakavu, na samadi itakusanyika mahali pamoja. Samadi ya kuku ni kali, huunguza miche; irundikwe ioze miezi miwili au mitatu kwanza.

Tatu, sukuma wiki. Miche ikae kitaluni wiki 4 hadi 6, ndipo ihamishwe, ikiachana futi moja na nusu. Yachumwe majani ya chini, na kile kichwa cha juu kisikatwe, nayo itawalisha watoto miezi mingi. Kando yake pandeni kunde, mchicha na mnavu, mboga za mama zetu, ambazo mbegu zake mtu huziweka mwenyewe. Kuku wazuiwe kwa ua, la sivyo watamaliza kazi yote asubuhi moja. Na ndugu wasio na shamba wajaribu gunia la udongo na samadi mlangoni, lenye mawe katikati ya kupitisha maji, na miche juu na ubavuni.

Sasa sikieni neno kubwa. Zamani za ukoloni matajiri walimlipa Mwafrika mshahara wa mtu asiye na mke, wakisema kwamba mke na watoto wanakula shambani huko rizavu. Yaani jembe la mama ndilo lililomjazia tajiri sanduku lake. Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilishauri kwamba mshahara uhesabiwe kwa mahitaji ya mtu mwenye jamaa. Neno lile tusiliache lipotee. Mtu yeyote akituambia kwenye mazungumzo, “Ninyi mna mashamba,” tumjibu kwamba mshahara ni malipo ya kazi ya reli, na kuku wa mke wangu si sehemu ya hesabu yake.

Tena shamba ni silaha ya Chama. Mtu mwenye deni dukani husaini karatasi yoyote siku ya tatu ya mazungumzo. Lakini mtu ambaye watoto wake wana mboga na mayai aweza kungoja wiki tatu, na wajumbe wake huketi mezani bila kutetemeka.

Neno la mwisho ni la waume. Wako wanaorudi nyumbani likizo, wakakuta mke ameuza mayai, wakadai pesa zile. Hiyo ni dhuluma ile ile tunayoipinga kazini. Aliyefanya kazi apate malipo yake.

Twaomba kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao, na wenye kutoka upande mmoja wapatane juu ya kuchanga pesa za chanjo kabla kideri hakijabisha hodi.

Umoja ni nguvu.

Mhariri