MWAKA WA SAYANSI UFUNGWE KWA MASWALI

Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo moja ambalo naona latuhusu sote, wanafunzi, walimu na wazazi, nalo ni jinsi mwaka unavyomalizwa katika masomo ya sayansi.

Desturi ya shule nyingi yajulikana. Mwezi wa Novemba mitihani hufanywa, kalamu huwekwa chini, na tangu siku ile sayansi huwa kama imekufa. Siku zinazobaki hupita kwa kufyeka nyasi, kuhesabu madawati na kungoja ripoti. Wapo wanafunzi ambao daftari lao la Baiolojia halifiki nyumbani, maana limekwisha kuchanwa kufungia maandazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami sidhani kuwa walikuwa wakisema habari ya fedha tu.

Jambo hili si dogo. Ni katika majuma hayo hayo ndipo mwanafunzi wa Kidato cha Pili hufikiri kama ataendelea na Fizikia na Kemia au ataziaga. Akiwa hana la kuangalia ila alama zake, basi akipata chache huamua kwamba sayansi si yake. Lakini alama zaeleza majibu aliyoyakumbuka siku moja. Hazielezi ana maswali gani kichwani. Kwa hiyo nasema mwaka wa sayansi usifungwe kwa majibu peke yake, bali ufungwe kwa maswali.

Mfano mkubwa tunao katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari, na kanuni ilikuwa kuchemsha maziwa na kuyapoza kabla ya kuyatia katika friji. Alipoona nafasi yakwisha, akatia yake yangali moto. Mwenziwe alitia yake bila kuyachemsha kabisa. Baadaye wakakuta ya Mpemba yameganda, na ya mwenziwe bado. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Mwaka ule ulikwisha, na kidato kikaisha, lakini swali halikuisha. Alikwenda nalo hadi shule ya Mkwawa, Iringa, na huko pia alichekwa. Siku moja Dr. Denis Osborne wa chuo cha Dar es Salaam alifika shuleni kuzungumza, naye Mpemba akasimama akauliza lile lile. Mgeni hakumcheka, bali alirudi akataka lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao waliandika pamoja makala katika jarida la Physics Education, na hata leo jambo hilo huitwa duniani kwa jina la Mpemba. Wataalamu wangali wakibishana kama ndivyo ilivyo kweli, na kwa nini. Basi tazameni, swali la kijana wa Kidato cha Tatu limewashughulisha wakubwa zaidi ya miaka hamsini!

Najua wengine watasema, hayo ni ya shule zenye friji. Hapa Masieda tutapata wapi vyombo? Nami najibu kwamba likizo ya Desemba ndiyo maabara yetu, maana yaja pamoja na mvua. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, uliweke mahali pa wazi, na kila siku saa 3 asubuhi upime maji kwa rula, uandike, kisha umwage. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo bati la nyumba yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, likinyeshewa milimita 10, hupokea lita 480, yaani ndoo 24 za lita 20, ukitoa kidogo kinachopotea. Binti anayebeba ndoo kichwani kutoka mbali hahitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo, na baba mwenye bati bila mfereji aipige mwenyewe.

Au tazama sufuria ya kande. Kwa kila mita 300 tunazopanda, maji huchemka kwa joto pungufu karibu digrii 1 ya sentigredi. Ziwa Eyasi liko kama mita 1,030 juu ya bahari, na sehemu nyingi za nyanda za juu za Mbulu zapita mita 1,500. Je, maharage yale yale yatachukua muda sawa bondeni na mlimani? Na yakilowekwa usiku kucha, kuni ngapi zitaokolewa? Mama zetu wana majibu ambayo hakuna aliyeyaandika.

Wengine wameyaona haya kabla yetu. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapa utafiti wa Claire Spottiswoode na Brian Wood juu ya ndege aongozaye watu kwenye asali. Katika vilima vya Kidero, ndege hao waliuitikia mluzi wa majirani zetu Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao wa Msumbiji. Wageni walikuja kutoka mbali kuuliza swali lililokuwa likiruka juu ya vichwa vyetu.

Basi ushauri wangu ni huu. Kwanza, katika vipindi viwili vya mwisho kila mwanafunzi aandike maswali matatu ambayo mwaka mzima hayakupata jibu. Pili, achague jambo moja la kupima wakati wa likizo. Tatu, kipindi cha kwanza cha Januari kifunguliwe kwa kusoma madaftari hayo. Mwalimu atasema ana ripoti za kujaza, na ni kweli. Lakini kazi hii haihitaji fedha wala kusahihishwa kwa alama.

Kwa wazazi ninaomba mambo mawili tu. Kopo la mtoto lisihamishwe, na daftari lake lisiwashiwe moto. Na kwenu wanafunzi wenzangu, mtu akikucheka kwa swali lako, liandike vizuri zaidi, ukaliulize tena mahali pengine.

Nawatakieni likizo njema na mvua ya kutosha.