Usiuze motokari ya baba kwa kilo



Katika viwanja vingi vya Lubumbashi, kutoka Katuba mpaka Ruashi, utakuta motokari ya zamani imelala nyuma ya nyumba. Kuku wanataga juu ya viti, watoto wanachezea usukani. Ni Peugeot 404, ni Coccinelle, mara moja moja ni Chevrolet ndefu ya Marekani ambayo mzee alinunua wakati kazi ilikuwa kazi. Sasa mzee hayupo. Wanunuzi wa mitraye wanapita na mkokoteni, wanataja bei ya chuma kwa kilo, na pesa ya masomo inangojewa. Mama afanye nini?

Kwanza, ajue ana kitu gani. Huko Marekani, mwaka 1964, Pontiac walitoa GTO: motokari ya ukubwa wa kawaida yenye injini ya silinda nane, lita 6.4. Motokari za namna hiyo Wamarekani wanaziita za misuli. Mwaka huohuo Ford walitoa Mustang, nyepesi na ya bei nafuu zaidi. Leo watu wanazitafuta hizo zote kama dhahabu, lakini kuna miaka zilikuwa zinaoza nyuma ya nyumba kama zetu.

Sikieni habari ya mama Gail Wise wa Chicago. Alikuwa mwalimu kijana wa miaka 22, ndiyo kwanza anaanza kazi. Tarehe 15 Aprili 1964 alinunua Mustang ya rangi ya buluu kwa dola 3,400 na kitu, siku mbili kabla Ford hawajaanza kuziuza rasmi. Aliolewa, akazaa, motokari ikachakaa. Mwaka 1979 mume wake aliiingiza garajini, ikakaa humo zaidi ya miaka 25. Mama mwenyewe alitaka itolewe. Mume akasema ni kazi yake ya siku za kustaafu. Alipostaafu aliitengeneza kweli. Baadaye mtu mwingine akajitangaza kuwa ndiye aliyenunua Mustang ya kwanza, tarehe 16 Aprili. Lakini Gail na mume wake walikuwa wametunza fakitire. Tarehe yake ilimaliza mabishano, na bei ya motokari yao ikapanda mbali sana na ile ya 1964.

Kwa hiyo anza na karatasi. Tafuta kadi rozi, fakitire, na picha za zamani ambamo motokari inaonekana. Linganisha namba ya kadi na namba iliyopigwa kwenye shasi. Bila karatasi, hata motokari nzuri inauzwa kama chuma.

Pili, angalia kutu. Inua tapi, bonyeza sakafu kwa turnevisi, pitia chini ya milango. Kutu ya juu inasuguliwa. Shasi ikiwa imeliwa, usidanganyike na rangi mpya. Na kabla mvua za Novemba hazijaanza, iweke chini ya bati na uzibe vioo vilivyovunjika. Hiyo haigharimu sana, na inakupa muda wa kufikiri.

Tatu, usiruhusu mtu awashe injini iliyolala miaka mingi. Fundi amwage esansi ya zamani, abadilishe mafuta, azungushe injini kwa mkono kwanza. Freni zitengenezwe kabla motokari haijatembea.

Nne, lipa kazi hatua kwa hatua. Kila kipande kinachotolewa kipigwe picha kwa simu, kiwekwe katika katoni yenye jina. Radieta za zamani ni za mukuba, na nyaya pia. Katika mji wetu kila mtu anajua mukuba unauzwa wapi. Hesabu vitu vyako mbele ya fundi, asubuhi na jioni. Kama una kijana, hata binti, anayependa ufundi, mweke karibu na kazi hiyo. Akijifunza kuchomelea na kusoma injini, tayari umepata faida.

Tusidanganyane: si kila motokari inafaa kutengenezwa. Injini ya silinda nane inakunywa esansi sana, na vipande vinatoka mbali. Usiingize humo pesa ya chakula wala zamu yako ya likelemba. Ukiona haiwezekani, uza, lakini muuzie mtu anayetafuta motokari, si mtu anayetafuta chuma.

Neno la mwisho ni kwa wajane. Motokari ya marehemu ni urithi. Kwa Kode ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, watoto wa marehemu wanapata robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu zake marehemu. Na kama ndoa yenu iliunganisha mali mliyochuma pamoja, sehemu yako inatolewa kwanza, kabla ya kugawa. Basi shemeji asije usiku na kamba ya kuvuta motokari akisema ni ya ukoo. Nawe mama usiiuze peke yako wakati watoto hawajui. Iteni familia, wekeni mapatano kwenye karatasi, kila mtu atie sahihi. Ndipo fundi aitwe.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kutunza karatasi za kiwanja.