Chipu Haijui Kitu: Tatizo la Karantini ya Mbwa ni Rekodi

Kuna hoja moja imenichosha na leo nataka kuizika. Hoja yenyewe ni hii: katika karne hii ya tarakilishi, mbwa ana chipu mwilini, mwenyewe ana cheti cha chanjo mkononi, kwa nini basi nchi za watu zimfungie mbwa huyo karantini au zimwambie mwenyewe asubiri miezi kadhaa kabla ya kumpandisha ndege?

Wenye hoja hii ni wa aina mbili. Kuna Wakenya wanaohamia ughaibuni na hawataki kumwacha mbwa wao nyuma. Halafu kuna wale wanaoagiza mbwa kutoka nje, German Shepherd wa Ujerumani au Boerboel wa Afrika Kusini, na kwao kibali cha idara ya mifugo pale Kabete ni usumbufu mtupu. Wote humalizia kwa kauli moja: "Teknolojia ipo, kilichobaki ni urasimu."

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Kama kuna mtu angefurahi kuona urasimu ukipigwa teke na teknolojia, ni mimi. Lakini teknolojia wanayoisema haipo. Kilichopo ni chipu, na chipu haijui kitu.

Chipu ni nini hasa?

Tuanze hapa, maana wengi wanadhani chipu ya mbwa ni kama simu ndogo iliyozikwa chini ya ngozi. Wengine wanaamini inaonyesha mbwa alipo. Sivyo. Ni kidude kidogo kama punje ya mchele, hakina betri, hakina GPS, hakina intaneti. Kikisogezewa kisomeo, kinapata nguvu kutoka kwa kisomeo chenyewe, kinatema nambari, kisha kinanyamaza. Zile za viwango vya ISO 11784 na 11785 hutumia masafa ya 134.2 kHz na nambari yake ina tarakimu 15. Basi.

Tarehe ya chanjo haimo humo. Jina la daktari halimo. Jina lako wewe mwenye mbwa halimo. Kwa lugha ya fani yetu, chipu ni ufunguo wa hifadhidata. Sasa ufunguo bila hifadhidata ni nini? Ni nambari tu. Ni kama kumpa mtu nambari ya kitambulisho cha taifa katika nchi isiyo na ofisi ya usajili wa watu.

Kwa hiyo afisa wa Frankfurt au Atlanta akisoma chipu ya mbwa aliyetoka Nairobi, anachojua ni kwamba mbwa huyu ana nambari fulani. Yaliyobaki yote, chanjo ilidungwa lini, dawa ilikuwa ya bechi gani, na nani alidunga, yako kwenye karatasi. Na karatasi, ndugu zangu, tunazijua.

"Daktari ni wetu"

Kuna wakala mmoja wa kusafirisha wanyama, simtaji, aliyenitafuta nimtengenezee mfumo wa kuchapisha vyeti. Nilidhani ni kazi nzuri. Nikamwuliza mahitaji. La kwanza, tarehe ya chanjo iweze kubadilishwa hata baada ya cheti kuchapishwa. La pili, mhuri na saini ya daktari vihifadhiwe kama picha ili karani abofye mara moja vitokee. Nikamwuliza, "Sasa daktari mwenyewe atamwona mbwa saa ngapi?" Akacheka. "Wewe weka tu nafasi ya picha, bwana. Daktari ni wetu."

Kazi ile niliikataa. Lakini jiulize: kama wakala anaagiza programu ya kughushi tarehe bila hata kupunguza sauti, afisa wa nchi nyingine atakiaminije cheti kilichotoka huku? Njia ya mwongo ni fupi, na safari hii imeishia kwenye kizimba cha mbwa.

Wala tusidhani ni Kenya peke yake. Marekani ilitangaza mwaka 2007 kwamba imekimaliza kichaa kinachoenezwa na mbwa kwa mbwa. Mwaka 2020 kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilinasa mbwa zaidi ya 450 waliofika na vyeti pungufu au vya kughushi. Mwezi Juni 2021 mzigo wa mbwa 33 na paka mmoja ulitua Chicago kutoka Azabajani. Mbwa mmoja kati yao, aliyekwisha kupelekwa kwa familia huko Pennsylvania, akapatwa na kichaa. Mwezi uliofuata Marekani ikasimamisha uingizaji wa mbwa kutoka nchi zaidi ya 100 zenye hatari kubwa, Kenya ikiwemo. Mpango ule wa muda ulikoma Agosti 2024, ukaja utaratibu mpya: mbwa aliyechanjwa katika nchi hizo awe na umri wa miezi 6 au zaidi, awe na chipu, fomu yake ithibitishwe na daktari wa mifugo wa serikali, na apimwe damu katika maabara inayokubalika. Asipokuwa na kipimo hicho, siku 28 za karantini kwa gharama ya mwenyewe.

Siku 28 hizo ndizo bei ya cheti kisichoaminika.

"Lakini mbwa wangu ni mzima!"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila mara. Haya, tulichukue kwa utaratibu.

Kirusi cha kichaa cha mbwa kikiingia kupitia jeraha hakikimbilii damu. Husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, safari ya majuma kadhaa, mara nyingine miezi. Wakati wote huo mbwa anakula, anacheza, anatikisa mkia. Dalili zikishatokea, hakuna tiba. Kwa hiyo kusema "mbwa wangu ni mzima leo" ni sawa na kusema programu haina kasoro kwa sababu imefunguka. Hujaipima bado.

Kipimo chenyewe ni cha kingamwili kwenye damu, na kiwango cha kupita ni 0.5 IU kwa mililita. Angalia utaratibu wa nchi za Umoja wa Ulaya kwa mbwa anayetoka nchi kama Kenya, isiyokuwa kwenye orodha yao ya nchi salama:

1. Chipu kwanza.
2. Chanjo, mtoto wa mbwa akiwa na majuma 12 au zaidi.
3. Damu, siku 30 au zaidi baada ya chanjo.
4. Kusubiri miezi 3 tangu damu ilipochukuliwa.
5. Ndipo safari.

Mpangilio huu si mapambo. Chanjo ikitangulia chipu, haihesabiki, kwa sababu hakuna nambari ya kuonyesha kwamba mbwa aliyedungwa ndiye huyu. Unaanza upya. Na miezi mitatu ya kusubiri? Kingamwili zinaweza kutokana na chanjo, lakini kipimo hakikuambii kama mbwa alikuwa amekwisha kuumwa kabla ya kuchanjwa. Muda ndio unaomaliza swali hilo. Angekuwa na kirusi, kwa kiasi kikubwa kingejitokeza. Australia na Japani, ambazo hazina kichaa cha mbwa, husubiri siku 180.

Piga hesabu: majuma 12, siku 30, miezi 3. Mtoto wa mbwa hawezi kutoka Kenya na kuingia Ulaya kihalali kabla ya kufikisha kama miezi saba. Ukiona mtu anakuahidi kumfikisha huko akiwa na miezi minne, ujue kuna tarehe imeguswa mahali.

Rekodi ilipoingia, kizimba kilitoka

Wanaopenda kusema karantini ni ubaguzi wa Wazungu dhidi yetu wasome kidogo historia ya Uingereza. Waingereza walikimaliza kichaa kwa mbwa wao mwaka 1902. Mwaka 1918 kikarudi, na walaumiwa wakuu walikuwa wanajeshi wao wenyewe waliowaficha mbwa walipotoka vitani. Iliwachukua hadi 1922 kukimaliza tena. Kwa karibu karne nzima kila mbwa aliyeingia, awe wa tajiri au wa balozi, alifungwa miezi sita.

Je, kizimba kilitosha? Mwaka 1969, pale Camberley, mbwa aliyetoka Ujerumani alimaliza miezi yake sita, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na siku chache baadaye akaonyesha kichaa. Serikali ikarefusha muda kwa kitambo. Kufunga peke yake ni kupima kwa kalenda, na kalenda haioni damu.

Kilichovunja kizimba kile hakikuwa machozi ya wapenda mbwa. Tarehe 28 Februari 2000 Uingereza ilianza mpango wake wa usafiri wa wanyama wa nyumbani: chipu, chanjo, kipimo cha damu, na hati zinazokaguliwa kwenye njia maalumu. Mbwa aliyetimiza hayo hakufungwa tena. Mwaka 2012 muda wa kusubiri ukapunguzwa zaidi. Nchi iliyokuwa kali kuliko nyingi ililegeza kamba pale tu ilipopata rekodi ya kuiamini.

Na ukali wenyewe hauchagui sura. Mwaka 2015 mwigizaji Johnny Depp na Amber Heard waliwaingiza mbwa wao wawili Australia kwa ndege ya kibinafsi bila kuwatangaza. Waziri wa kilimo, Barnaby Joyce, aliwapa saa 50 kuwaondoa mbwa hao, la sivyo wangeuawa. Mwaka 2016 Heard alikiri mahakamani kosa la hati ya uongo. Kama Hollywood haikupita, wakala wako wa mtaani atakupitishaje?

Sasa sisi

Hapa ndipo hasira yangu inapoelekea hasa. Tunalalamika kwamba mbwa wetu wanashukiwa, ilhali mashaka hayo yana msingi. Kichaa kilithibitishwa kwa mbwa hapa Kenya tangu mwaka 1912. Makadirio yanayotumiwa na serikali yetu ni kwamba huua hadi watu 2,000 kwa mwaka, na takribani wote wameumwa na mbwa. Duniani, kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, kama asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mkakati wa taifa wa mwaka 2014 uliahidi kukimaliza ifikapo 2030. Kinachotakiwa kinajulikana: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa, rudia mwaka hadi mwaka.

Lakini utajuaje umefika asilimia 70 kama huna daftari? Kampeni inapita kijijini, mbwa wanadungwa, mwenyewe anapewa kikaratasi, kikaratasi kinaloweshwa na mvua ya kwanza. Mtoto akiumwa mwezi ujao, nesi anauliza, "Mbwa amechanjwa?" Mama anajibu, "Nadhani." Neno hilo "nadhani" ndilo linalomfungia mbwa wa tajiri karantini Marekani, na ndilo linalomuua mtoto wa maskini nyumbani. Kasoro ni moja.

Na dawa yake si ngumu. Sisi ndio watu wa M-Pesa. Muuza duka yeyote wa Kenya anajua kwamba ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si malipo, kwa maana ujumbe huandikwa na yeyote. Yeye hutazama simu yake mwenyewe. Hiyo ndiyo kanuni nzima ya usalama wa data: usithibitishe kwa karatasi aliyoishika anayetaka kupita, thibitisha kwa rekodi isiyokuwa mikononi mwake. Mwaka 2021 tulipochanjwa Korona, vyeti vyetu vilitoka mtandaoni vikiwa na alama ya QR. Kwa mbwa tunashindwaje?

Ninachodai ni hiki. Daftari moja la taifa la chanjo za mbwa. Kila ingizo liwe na nambari ya chipu au ya utambulisho, bechi ya dawa, na nambari ya usajili wa daktari. Tarehe iwekwe na seva, si na karani. Ingizo lisifutwe wala kubadilishwa. Kukiwa na kosa, marekebisho yaongezwe chini yake na ya awali yabaki yakionekana. Na yeyote, awe nesi wa zahanati au afisa wa uwanja wa ndege wa nje, aweze kuandika nambari na kuona jibu. Programu ya namna hiyo haihitaji wataalamu kutoka ng'ambo. Vijana watatu wanaojua kazi yao wataiandika. Kigumu ni kumwambia mwenye picha ya mhuri kwamba biashara imekwisha.

Sisemi kwamba siku daftari litakapowashwa Ulaya itafuta miezi yake mitatu kesho yake. Maadamu kichaa kipo kwetu, kipimo na kusubiri vitabaki. Lakini hakuna nchi itakayotuondoa kwenye orodha ya hatari kwa sababu tumenung'unika vizuri. Tutatoka tutakapokimaliza kichaa na kuweza kuonyesha tumekimaliza, na yote mawili yanaanzia kwenye rekodi.

Mpaka hapo, ukitaka kusafiri na mbwa wako, anza miezi minane kabla, chipu kwanza, na usimguse wakala anayekuuliza ungependa tarehe gani. Na mwenye hoja tofauti aje nayo. Ila akija kuniambia cheti chake ni halali, nitamwuliza swali moja tu: nikithibitishe wapi?