Tuwafundishe wanafunzi kusoma yasiyoandikwa

Muhula uliopita niliwasomea wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kisa kifupi nilichokitunga mwenyewe: "Mama Rehema alirejea kutoka sokoni jua likitua, kikapu chake kikiwa na uzito ule ule alioondoka nao alfajiri. Wanawe walipomwona mlangoni hawakuuliza kitu. Mkubwa wao aliikunja barua ya shule, akairudisha mkobani." Kisha nikawauliza swali moja tu: je, siku ya Mama Rehema sokoni ilikuwaje?

Wengi walijibu kwamba ilikuwa njema. Alirudi na kikapu kizito, kwa hivyo alinunua vitu vingi. Wengine, kwa ukakamavu wa watu waliozoea mitihani, waliandika kwamba taarifa haijasema. Waliong'amua kuwa mama huyu alikwenda kuuza wala si kununua, na kwamba bidhaa zake hazikupata mnunuzi, walikuwa wachache mno. Na waliothubutu kuihusisha barua ile na karo, kisha wakabashiri kuwa huenda kesho kijana huyo akafukuzwa shuleni, walikuwa wawili.

Hawa si vijana wajinga. Wote walipata alama za kuridhisha katika Kiswahili walipofanya mtihani wa KCSE, la sivyo nisingekutana nao darasani. Waliyoshindwa kuyafanya ni yale ambayo hatukuwahi kuwafundisha. Tangu shule ya msingi wamekuwa wakikutana na agizo lile lile: soma taarifa ifuatayo kisha ujibu maswali. Na mbinu waliyoelekezwa na walimu wao, nami nikiwa mmoja wa walimu hao kabla sijaingia chuo kikuu, ni kutafuta neno la swali ndani ya taarifa, kuipata sentensi iliyo na neno hilo, na kuinakili. Mtoto anaweza kupata alama nane kwa kumi kwa njia hii bila ya kuelewa kisa kinamhusu nani. Nimewahi kulithibitisha jambo hili kwa kutunga taarifa iliyojaa maneno yasiyo na maana yoyote, nikayaambatanisha na viambishi halali vya Kiswahili. Maswali yalijibiwa vizuri ajabu.

Haifai kuutupia mtihani lawama zote. KCPE, uliodumu tangu 1985 hadi 2023, ulikuwa wa kuchagua jibu moja kati ya manne, na si haba maswali yaliyomtaka mtahiniwa afikirie zaidi ya yaliyoandikwa. Lakini mtahiniwa wa kuchagua herufi hatakiwi kueleza alivyofikia jibu. Aliyefikiri na aliyebahatisha hupata alama sawa. Hapo ndipo tulipoanza kuchanganya mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe, yaani kukisia na kubahatisha. Anayebahatisha hana ushahidi. Anayekisia huonyesha kidole: hapa, katika maneno "uzito ule ule".

Linalonisikitisha zaidi ni kuwa ustadi huu si mgeni kwetu. Nani hapa Kenya aliyekulia mahali ambapo vitendawili vilitegwa, asijue kwamba "Nyumba yangu haina mlango" si habari za ujenzi? Msikilizaji hupewa sifa moja au mbili, akaachiwa yeye kazi ya kulifikia yai. Akishindwa hutoa mji. Akitoa jibu jingine linaloelekea, hulitetea, na mara nyingi mabishano hayo huwa matamu kuliko jibu lenyewe. Hata msimulizi wa hadithi alijua mahali pa kunyamaza. Fisi ameingia pangoni na nje pana nyayo za simba. Bibi alinyamaza kidogo, akatutazama, nasi tukaanza kupiga kelele kila mtu na lake. Huko ni kubashiri. Tulikuja kuambiwa shuleni kuwa kusoma ni kazi nyingine kabisa.

Sarufi yenyewe ya Kiswahili imejaa mambo yasemwayo bila kutajwa. Mtu akisema, "Angalivuka mto kabla ya mvua, tungalimkuta ng'ambo," mtoto wa miaka minane ajuaye Kiswahili huelewa kwamba hakuvuka na hakukutwa, ingawa sentensi haina kikanushi hata kimoja. "Hata mwalimu mkuu alicheka" hutuarifu kuwa wengine pia walicheka, na kwamba mwalimu mkuu si mtu wa kucheka ovyo. Taarifa zote hizo zimebebwa na neno moja lenye silabi mbili. Lakini fungua daftari la mwanafunzi uone tunavyolifunza umbo la -ngali-: geuza sentensi zifuatazo katika hali ya kukanusha. Huulizwi hata mara moja, je, mtu huyu alivuka au hakuvuka?

Katika fasihi hali ni mbaya zaidi. Kitabu kipya kikiteuliwa kutahiniwa, haupiti muda miongozo huwa imejaa madukani, na wako wanafunzi ambao hununua mwongozo kwanza na riwaya baadaye, kama wanainunua. Mtu aliyekwisha kusoma ufupisho wa kila sura, sifa za kila mhusika na orodha ya maudhui, atabashiri nini? Atashangazwa na nini? Anaifungua riwaya kama mtu anayekwenda kuhakikisha hesabu zilizokwisha kufanywa na mwingine. Kisha sisi wahadhiri tunalalama kuwa vijana hawana maoni yao wenyewe.

Wapo walimu watakaoniambia kuwa darasa lina watoto sabini na muhula ni mfupi. Nawaelewa. Lakini jambo ninalolipendekeza halihitaji vitabu vipya wala semina hotelini. Mwaka wa 1984 watafiti wawili wa Marekani, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na wanafunzi walioweza kuyatamka maneno barabara ila hawakuelewa walichokisoma. Waliwazoeza mambo manne: kufupisha, kuuliza maswali, kufafanua palipotatiza na kubashiri yajayo, mwalimu na wanafunzi wakipokezana zamu ya kuongoza mazungumzo. Uelewa wao ulipanda. Mwalimu wa darasa la watoto sabini anaweza kusimama katikati ya ukurasa, akafunika sehemu iliyobaki, akauliza, "Sasa itakuwaje?" Jibu likitolewa, aongeze swali la pili ambalo ndilo lenye uzito: "Umejuaje?" Baadaye wasome mbele, na yule aliyekosea aambiwe kuwa kukosea si dhambi, mradi alikuwa na sababu na amekubali kuibadili kauli yake.

Sikatai kwamba kuna hatari ya kupita kiasi. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyeshikilia kuwa kila jogoo awikaye katika riwaya za Kenya ni chama cha kisiasa. Nilipomuuliza amejuaje, alisema kwamba jogoo ni jogoo. Swali lile lile linalomchochea mwoga ndilo linalomzuia huyu mwenye pupa. Hata wale wanafunzi wangu wawili niliwakumbusha kuwa barua ya shule yaweza kuwa ya mkutano wa wazazi. Karo ni makisio yenye nguvu, lakini hayajawa hakika.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, unazitaja fikra tunduizi miongoni mwa mambo ambayo kila mtoto anapaswa kuyapata. Ni maneno mazuri. Lakini mtoto huyo atakapokuwa mtu mzima ataletewa karatasi ya mkopo inayosema kuwa riba "inaweza kurekebishwa wakati wowote", na hapataandikwa popote kwamba atakayeirekebisha ni mkopeshaji peke yake. Atamsikia mgombea akiahidi kwamba barabara "itashughulikiwa". Jamaa yangu mmoja, mtu msomaji wa magazeti, alitia sahihi udhamini wa mkopo wa rafiki yake akaja kushangaa mshahara wake ulipoanza kukatwa. Alikuwa amesoma kila neno.

Kwa hivyo nawaomba watungaji wa mitihani jambo moja dogo. Katika kila taarifa ya ufahamu liwepo angalau swali moja ambalo jibu lake halimo katika sentensi yoyote, na alama zake zigawanywe hivi: moja ya jibu, mbili za ushahidi. Mwongozo wa kusahihishia umruhusu mtahini kulikubali jibu ambalo hakulitarajia, likiwa limetetewa kwa maneno ya taarifa yenyewe. Walimu hufundisha kinachotahiniwa, na sioni haja ya kuwakemea kwa hilo.